Petroli ya Bei Ghali si Dawa ya Gari Kuukuu

MSOMAJI mmoja wa Kangundo ameniandikia barua ambayo naamini itawafaa wengi wenye magari yaliyokula chumvi. Ana pikapu ya Peugeot 504 aliyoachiwa na marehemu babake. Ndiyo inayopeleka mboga soko la Wakulima jijini Nairobi mara tatu kwa juma, na ndiyo inayolipa karo ya watoto wawili.

Mwaka jana pikapu hiyo ilichemsha, silinda hedi ikafunguliwa, ikapelekwa kuchongwa kwa mashine na kurudishwa. Tangu wakati huo, kila inapopanda kilima ikiwa na mzigo, injini hugonga kwa mlio kama wa sarafu zinazotikiswa mkebeni. Fundi wake amemshauri atumie ile petroli ya daraja la juu inayouzwa kwa bei ghali. Mhudumu wa kituo cha petroli naye amemwambia kuwa gari la zamani haliwezi kudumu bila petroli yenye risasi, na maadamu haiuzwi tena, heri aliuze. Mkewe anauliza pesa za petroli ya ghali zitatoka wapi. "Nimsikize nani?" auliza msomaji wetu.

Kwa maoni yangu, mama huyo ndiye aliye karibu zaidi na ukweli. Lakini tusimlaumu fundi kabla ya kuelewa jambo lenyewe.

Okteni si nguvu

Watu wengi hudhani kwamba petroli yenye okteni ya juu ina nguvu zaidi. Sivyo. Ndani ya silinda, pistoni hubana mchanganyiko wa hewa na petroli, kisha plagi ikawasha. Moto unatakiwa uanzie kwenye plagi na kuenea kwa utaratibu mpaka mchanganyiko wote umalizike. Iwapo mchanganyiko umebanwa mno au umepata joto jingi, ile sehemu ambayo bado haijafikiwa na moto hujilipukia yenyewe. Huo mlipuko ndio unaogonga.

Nambari ya okteni ni kipimo cha jinsi petroli inavyostahimili kubanwa na joto bila kujilipukia. Wataalamu walichukua kemikali mbili, heptani ambayo hujilipukia upesi wakaipa 0, na isookteni yenye ustahimilivu wakaipa 100, kisha petroli nyingine zote zikalinganishwa na hizo. Kwa hiyo petroli ya 95 haina moto mkali kuliko ya 91. Ina uvumilivu zaidi tu. Kuitia katika injini isiyouhitaji uvumilivu huo ni kama kumvisha mtoto wa darasa la kwanza viatu vya babake ukitaraji akimbie zaidi.

Injini huhitaji okteni kulingana na jinsi inavyobana. Kitabu cha gari huonyesha kipimo hicho, mathalan 8 kwa 1, maana yake mchanganyiko unabanwa hadi sehemu moja ya nane ya nafasi ulioingia nayo. Land Rover Series III ya petroli yenye injini ya lita 2.25 ilitoka na 8 kwa 1. Volkswagen ya mgongo wa kobe haikufika hata 8. Peugeot 504, ambazo kwa miaka mingi ziliunganishwa papa hapa nchini, Mombasa, hazikuzidi 9. Injini za aina hii hazikuumbwa kudai makuu. Zilitengenezwa zikijua kwamba zitafika mahali ambapo petroli nzuri haipatikani.

Wazee wanakumbuka kwamba vituo vyetu viliuza aina mbili, regula na supa, na regula ilikuwa na okteni ya chini. Serikali ilipoanza kutangaza bei za juu kabisa za mafuta mnamo Desemba 2010, regula ilikuwa bado imo katika orodha. Siku hizi ni supa tu inayotangazwa, pamoja na dizeli na mafuta taa, na okteni yake inapita 90. Gari ambalo zamani lilitosheka na regula sasa linapewa zaidi ya lilichozoea.

Wenye magari yaliyotoka Japani wasione nimewasahau. Huko, petroli ya kawaida inatakiwa iwe na okteni isiyopungua 89, na ile ya daraja la juu isiyopungua 96. Corolla au Probox ya kawaida iliundwa kwa ile ya kwanza, hivyo supa yetu inaitosha. Ila fungua kifuniko cha tangi usome kibandiko. Magari yenye taboo, kama baadhi ya Subaru, huagiza daraja la juu, na hapo usibishane na kiwanda. Tena ukiona kitabu cha gari la Marekani kimeandikwa 87, usishtuke. Wao hupima kwa njia nyingine, na 87 yao ni kama 91 katika kipimo kinachotumika huku.

Risasi imekwenda, na iende

Sasa tumjibu yule mhudumu. Risasi ilianza kutiwa katika petroli baada ya Thomas Midgley, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya General Motors, kugundua mwaka wa 1921 kwamba inazuia injini kugonga. Ilikuwa njia rahisi ya kupandisha okteni, lakini risasi ni sumu, na wanaoumia zaidi ni watoto kwa sababu huharibu ubongo unaokua. Nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara zilikubaliana jijini Dakar mwaka wa 2001 kuiondoa, na Kenya ikaachana nayo mwishoni mwa 2005. Nchi ya mwisho duniani kuiacha katika petroli ya magari ilikuwa Algeria, Julai 2021. Hakuna mzazi anayefaa kuitamani tena.

Ni kweli kwamba risasi ilikuwa na kazi ya pili. Iliacha utando mwembamba uliozuia vali za kutolea moshi zisile vikalio vyake. Katika injini zenye hedi ya chuma cha kusubu, ambapo vikalio vimechongwa ndani ya chuma hicho hicho, mwendo wa kasi wa masafa marefu unaweza kuvila. Dalili yake ni kwamba nafasi ya vali inazidi kupungua kila inaporekebishwa. Dawa ni kupeleka hedi kwa wenye mashine wakaipachika vikalio vya chuma kigumu, kazi ya mara moja. Lakini hedi ya 504 ni ya aluminiamu, na hedi ya aluminiamu haiwezi kukaa bila vikalio vilivyopachikwa. Ndugu yetu wa Kangundo asiuze gari kwa hofu hiyo.

Basi linagonga kwa nini?

Turudi kwenye barua. Hedi ilichongwa, na kugonga kukaanza baada ya hapo. Mwenye macho haambiwi tazama.

Kila hedi inapochongwa inakuwa nyembamba, na chumba ambamo petroli inawaka kinakuwa kidogo. Maana yake ni kwamba injini inabana zaidi kuliko ilivyotoka kiwandani. Ikiwa hedi hiyo imeshachongwa mara mbili tatu katika maisha yake, kile kipimo cha kitabuni hakina maana tena. Zaidi ya hayo, mafundi wengi wakishafunga injini huweka taimingi kwa kusikiliza tu. Huzungusha distribyuta mpaka injini ingurume vizuri ikiwa imesimama, bila mzigo. Plagi ikiwasha mapema mno, injini huonekana nyepesi pale gereji, lakini ikipewa magunia na kilima inalia.

Yapo pia mambo mengine yanayosababisha mlio huo: kaboni iliyogandamana juu ya pistoni, rejeta iliyoziba, plagi zisizo za injini hiyo, na kabureta inayonyima petroli. Na lipo la uovu, petroli iliyochanganywa na mafuta taa. Mafuta taa yana okteni ya chini sana, na hata kiasi kidogo kinaweza kuifanya injini nzima igonge. Uovu huo ulikithiri hata serikali ikatoza ushuru wa Sh18 kwa kila lita ya mafuta taa mwaka wa 2018 ili wachanganyaji wasipate faida.

Mahali nako kuna maneno yake. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na hewa yake ina mgandamizo pungufu kwa karibu sehemu moja kwa tano ukilinganisha na Mombasa. Silinda huvuta hewa kidogo, hivyo hubana kidogo. Gari ambalo taimingi yake imesogezwa mbele ili lichangamke Nairobi linaweza kuanza kugonga likifika Mombasa penye joto na hewa nzito, ingawa petroli ni ile ile. Ukihamia pwani, mwone fundi kabla ya kubadilisha kituo.

Afanye nini?

Kwanza, leo hii aache kulazimisha. Injini ikianza kugonga kilimani, ashushe gia na kulegeza mguu. Kugonga kukiachwa kuendelea hupasua gasketi, na mwisho hutoboa pistoni. Pistoni ikitoboka, karo ya muhula huishia gereji.

Pili, amalize petroli iliyomo, kisha ajaze mara moja ile ya daraja la juu katika kituo anachokiamini. Hii iwe njia ya kupima. Mlio ukikoma, ajue ni tatizo la kuwaka mapema au kubana. Mlio ukibaki vile vile, yumkini ni vali zilizolegea au beringi, na hilo halitibiwi kwa petroli yoyote.

Tatu, atafute fundi mwenye taa ya kupimia taimingi, si sikio peke yake. Taimingi irudishwe kwenye alama ya kiwanda, na ikibidi irudi nyuma nyuzi mbili tatu zaidi. Isirudishwe mno, kwa kuwa injini itakosa nguvu, itakula petroli na kupata joto. Wakati huo huo plagi na rejeta zikaguliwe.

Nne, iwapo bado inagonga, aulize waliochonga hedi ni kiasi gani kimetolewa. Ikiwa imepita kipimo, aulizie gasketi nene au hedi nyingine iliyo nzima. Hapo tu ndipo petroli ya ghali ingekuwa na sababu, na hata hapo iwe ya kusubiria matengenezo.

Apige hesabu mwenyewe. Tuseme anatumia lita 50 kwa juma, na petroli ya daraja la juu imezidi supa kwa Sh15 kwa lita. Hizo ni Sh750 kila juma, na kwa mwaka mzima Sh39,000. Kurekebisha taimingi ni kazi ya asubuhi moja.

Fundi wake hakudanganya kabisa, kwa sababu okteni ya juu itanyamazisha mlio huo. Lakini itakuwa imeunyamazisha kwa pesa za mwenye gari, kila juma, huku kosa lililofanywa gereji likibaki pale pale. Amrudie fundi huyo kwa heshima, amwombe amalize kazi aliyoianza. Na jioni amwambie mkewe kwamba swali lake lilikuwa la maana.