Kengele ya Moto Isiyoaminika Ni Hatari Hospitalini

Ilikuwa yapata saa tisa usiku. Nilikuwa nimeketi kando ya kitanda cha shangazi yangu, mwalimu mstaafu, aliyekuwa amelazwa kwa sababu ya kuvunjika mfupa wa paja. Mguu wake ulikuwa umening'inizwa kwa kamba na vyuma, hata kugeuka ubavu hakuweza. Ghafla kengele ya moto ikaanza kulia. Niliruka nikasimama, nikatazama huku na huku. Hakuna aliyeshtuka ila mimi. Muuguzi wa zamu aliendelea kuandika katika daftari lake. Wagonjwa walijifunika blanketi kichwani. Baada ya kitambo mlinzi alikuja akiburuta miguu, akabonyeza kitufe ukutani, kelele zikakoma, naye akaenda zake bila kuchungulia hata chumba kimoja.

"Usiwe na wasiwasi, mzee," muuguzi aliniambia kwa upole. "Hiyo hulia hivyo karibu kila usiku."

Shangazi, ambaye nilidhani amelala, akafumbua macho. "Sasa, mwanangu," akamwuliza, "siku itakayolia kwa kweli, mtaijuaje?"

Muuguzi alitabasamu, lakini jibu hakuwa nalo. Tangu usiku ule nimelitafakari swali hilo mara nyingi, na nimeridhika kwamba linastahili kuulizwa mbele ya kila msimamizi wa hospitali, na mbele ya kila mwalimu mkuu pia, kwa sababu nitakazozieleza.

Wahenga walinena kwamba pafukapo moshi pana moto. Vile visanduku vyeupe tunavyoviona darini katika majengo makubwa vimeundwa kwa kuifuata methali hiyo neno kwa neno. Ndani ya kisanduku cha aina itumiwayo sana mna chumba kidogo chenye giza, taa ndogo, na jicho la umeme lililowekwa mahali ambapo mwanga wa taa hiyo haulifikii. Moshi unapoingia, chembe zake huutawanya mwanga ule hata baadhi yake ukalifikia jicho, na papo hapo kengele hulia. Ni ubunifu wa kusifiwa, nao umeokoa maisha ya watu wengi duniani.

Hata hivyo, jicho hilo halijui moshi ni nini. Linachokijua ni mwanga uliotawanyika. Mvuke wa maji huutawanya mwanga, vumbi huutawanya, dawa ya mbu inayonyunyizwa jioni huutawanya, hata buibui au mdudu mwingine mdogo aliyejipenyeza ndani ya kisanduku aweza kufanya hivyo. Na hospitali ni nyumba ya mvuke na dawa. Alfajiri wagonjwa huogeshwa kwa maji moto. Vyombo vya upasuaji husafishwa kwa mvuke. Wagonjwa wa pumu huvutishwa dawa iliyogeuzwa ukungu. Wafanyakazi wa zamu ya usiku huchemsha chai na kubanika mkate katika chumba kilichoko hatua chache kutoka wodini. Mafundi hukata saruji na kutoboa kuta huku wodi ya pili ikiwa na watu. Umeme ukipotea, jenereta huwashwa, na upepo ukigeuka moshi wake huingia madirishani. Hapa pana moshi wa kila namna, na moto hakuna.

Kwa hiyo si haki kusema kwamba mtambo una wazimu. Aghalabu mtambo umefanya kazi uliyopewa. Mwenye kosa ni yule aliyeuweka pasipo mahali pake, au aliyeuona ukikosea mara ya kwanza, ya pili na ya kumi, akauacha palepale.

Wako watakaouliza: kengele ikilia bure, hasara yake ni nini zaidi ya kuwakatiza watu usingizi? Jibu la swali hilo hutegemea jengo lenyewe. Shuleni kengele ikilia, wanafunzi hutoka kwa mstari hadi uwanjani, majina yakasomwa, na katika dakika chache kila mtu yuko salama. Hospitalini haiwezekani. Huwezi kumwamuru mtu aliyepasuliwa tumbo asimame atoke mbio. Huwezi kumng'oa mgonjwa mahututi kutoka katika mashine inayompumulia ukamteremsha ngazi gizani. Ndiyo maana wataalamu wa usalama wa hospitali hawapangi kuwatoa wagonjwa wote nje kwa mara moja. Hupanga kuwasogeza, kwanza wale walio karibu na hatari, hadi upande wa pili wa orofa ile ile, nyuma ya ukuta na milango iliyojengwa kuzuia moto na moshi. Wakihitajika kushuka, hushuka baadaye.

Kazi hiyo ya kusukuma vitanda, kuhamisha mitungi ya oksijeni na kuhesabu wagonjwa huhitaji muda. Muda huo hutoka mahali pamoja tu, nao ni zile dakika za mwanzo ambazo moto ungali mdogo. Kengele iliwekwa ili kutupatia dakika hizo. Muuguzi aliyezoea kengele ya uongo huzitoa sadaka bila kujua, kwani hungoja aone moshi au asikie mayowe ndipo aamini. Akishaamini, muda umekwisha.

Twaijua sote ile hadithi ya kale ya mchungaji aliyewadanganya wanakijiji kwamba mnyama mkali amevamia kundi. Walimu huitumia kuwafunza watoto ubaya wa uongo. Lakini yafaa kukumbuka kwamba walioliwa siku ile ya kweli ni kondoo, ambao hawakuwa wamemdanganya mtu yeyote. Hospitalini kondoo ni mgonjwa aliyefungwa mguu kitandani.

Ushahidi wa jambo hili upo, na mfano ulio wazi unatoka katika bweni la wanafunzi. Alfajiri ya tarehe 19 Januari, mwaka wa 2000, moto ulizuka katika bweni la Boland Hall la Chuo Kikuu cha Seton Hall, jimboni New Jersey, Marekani. Kengele zililia kama ilivyotakiwa. Lakini katika muhula uliotangulia kengele hizo zilikuwa zimelia bure mara 18, na wanafunzi wengi waliposikia sauti hiyo walidhani ni mzaha ule ule wa kila siku. Baadhi yao walibaki kitandani. Wanafunzi 3 walikufa na zaidi ya 50 wakajeruhiwa. Hao walikuwa vijana wenye miguu mizima na nguvu za kukimbia. Msomaji na apime mwenyewe ingekuwaje katika wodi ya wazee.

Hasara nyingine huwapata wazimamoto. Gari linaloitwa bure hospitalini haliwezi wakati huo huo kwenda kwenye nyumba inayoungua kweli, na katika kaunti zetu nyingi magari hayo ni machache. Huko Scotland, kuanzia Julai 2023, idara ya zimamoto iliacha kuitikia kengele za mitambo katika maduka, ofisi na sehemu nyingine nyingi za kazi, mpaka mtu athibitishe kwamba moto upo. Hospitali hazikuguswa na uamuzi huo, kwa sababu zina watu wanaolala na wasiojiweza. Huo ni upendeleo wa haki. Lakini anayepewa upendeleo ana wajibu wa kutoutumia vibaya.

Sasa tufanye nini? Wapo wanaoona kwamba dawa ni kuizima mitambo yenye kelele, au kuvifunika vile visanduku kwa mifuko ya plastiki. Twapinga jambo hilo kwa nguvu zetu zote. Mnamo Aprili 2021 moto uliozuka katika hospitali ya Ibn al-Khatib mjini Baghdad uliwaua watu zaidi ya 80, wengi wao wagonjwa wa korona na jamaa waliokuwa wakiwauguza. Wakuu wa ulinzi wa raia nchini humo walisema hospitali hiyo haikuwa na mfumo wa kujikinga na moto. Kuziba mdomo wa kengele kwa sababu inasumbua ni kujichagulia hali kama hiyo kwa hiari.

Njia iliyo bora ni kuichukulia kila kengele ya uongo kama daktari anavyoichukulia homa. Daktari mwema hatosheki kuishusha homa, hutafuta kinachoileta. Basi kila hospitali iwe na daftari maalumu, na kila mara kengele iliapo yaandikwe mambo sita: siku, saa, chumba, nambari ya kisanduku kilicholia, sababu iliyopatikana, na hatua iliyochukuliwa. Daftari hilo likisomwa mwisho wa mwezi litasema mengi. Litaonyesha, kwa mfano, kwamba kisanduku kimoja tu hulia karibu kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na kwamba kisanduku hicho kiko mlangoni pa bafu. Hapo tiba itakuwa rahisi: kisogezwe, au bafu litiwe feni ya kutoa mvuke.

Pili, kila mahali pawe na kifaa kinachopafaa. Jikoni, ambamo moshi na mvuke ni vya kila siku, panafaa kifaa kinachopima joto. Wodini, ambamo watu hulala, kifaa cha joto pekee hakitoshi, maana moto unaofuka polepole waweza kuwaua watu kwa moshi kabla joto halijapanda. Siku hizi vipo vifaa vinavyopima moshi na joto kwa pamoja, navyo si wepesi wa kudanganyika kama vile vya zamani. Tena visafishwe na kukaguliwa kwa wakati wake, wala isingojwe vijae vumbi na utando wa buibui.

Tatu, fundi yeyote asianze kukata wala kuchomelea ndani ya hospitali kabla ya kupewa kibali cha maandishi. Sehemu anayofanyia kazi izimiwe vifaa vyake kwa saa zinazojulikana, awepo mtu wa kulinda zamu ya moto mahali hapo, na jioni vifaa hivyo virudishwe kazini na mtu atie sahihi kwamba vimerudishwa. Kifuniko kinachosahaulika darini baada ya fundi kuondoka ni hatari isiyopiga kelele.

Nne, na hili halina gharama yoyote, kengele isinyamazishwe na kusahauliwa kabla ya mtu kwenda kutazama kwa macho yake. Yule mlinzi wa usiku ule hakuwa mvivu kuliko wengine. Hakuna aliyemfunza kwamba kitufe kile ndicho cha mwisho kuguswa. Wauguzi wote, wa mchana na wa usiku, wajue nani huenda kutazama, nani hubaki na wagonjwa, na nani hupiga simu. Kanuni zetu za kupunguza hatari ya moto kazini, zilizotolewa mwaka wa 2007, zinadai mazoezi ya kujiokoa angalau mara moja kila mwaka. Kwa hospitali, ambayo wafanyakazi wake hubadilishana zamu usiku na mchana, mara moja ni chache mno.

Najua itasemwa kwamba hospitali zetu hazina fedha, kwamba kuna uhaba wa dawa na vitanda, na kwamba kengele ni jambo la baadaye. Hoja hiyo ina uzito, nami siidharau. Lakini daftari na kalamu si ghali, na kumwagiza mlinzi achungulie chumba hakuhitaji zabuni. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa hospitali iliyoungua hujengwa kwa mamilioni, huku waliokufa hawarudi.

Nimeahidi kueleza kwa nini jambo hili linawahusu walimu na wanafunzi. Nchi hii imewazika watoto wengi kwa sababu ya moto. Tuliwazika wanafunzi 67 wa Kyanguli mwaka wa 2001, tukawazika wavulana 21 wa Hillside Endarasha mwaka wa 2024, na kati ya misiba hiyo miwili ilikuwako mingine. Hata hivyo bado wapo wanafunzi wanaopiga kengele ya hatari usiku kwa utani, na wapo walimu wanaolichukulia zoezi la kutoka bwenini kuwa la kupoteza wakati wa masomo. Mwanafunzi wa leo ndiye muuguzi, fundi na mlinzi wa kesho. Akifunzwa bwenini kwamba kengele ni mchezo, atakwenda na fikira hiyo hadi wodini. Akifunzwa kwamba kila kengele hutafutiwa sababu yake, atakwenda nayo pia.

Shangazi alipona, na sasa anatembea kwa mkongojo. Lakini kitanda kile hakikukaa kitupu. Siku ile ile alilazwa mwingine. Basi wakuu wa hospitali na wamjibu yeye lile swali ambalo muuguzi hakuweza kulijibu. Waanze na daftari, na waanze usiku wa leo.