Yaliyopita Ndiyo Ndwele

Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Hakuna methali inayotumiwa vibaya visiwani kwetu kama hii. Mahali pake ni baina ya waliogombana, ili wapatane; sisi tumeigeuza kitambaa cha kumfungia mdomo aliyeumia.

Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, meli ya Spice Islander, iliyopakia abiria kupita kiasi, ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba. Hata mwaka haujatimia, Julai 18, 2012, Skagit nayo ikazama karibu na Chumbe ikitokea Dar es Salaam. Waliokufa tuliwasomea hitima, tukawatungia na mashairi. Walionusurika tuliwaambia wamshukuru Mungu, kisha tukarudi barazani.

Sasa mwenzetu huyo anaalikwa harusini Wete, haendi. Inapolia honi ya meli bandarini, ananyanyuka katikati ya mazungumzo bila ya kuaga. Nasi, tunaojigamba kufumbua mafumbo ya Muyaka, tunashindwa kumfumbua sahibu yetu. “Anajiona,” twasema. “Kabadilika.” Baada ya mara tatu haalikwi tena.

Si kiburi. Lililomfika halikukaa nyuma yake kama kumbukumbu nyingine. Harufu ya dizeli tu humrudisha majini, na kwa dakika ile hakumbuki kuzama: anazama. Kuviepuka vinavyomrudisha huko ni sehemu ya maradhi yenyewe, ambayo madaktari wa akili wa Marekani waliyaingiza katika orodha yao rasmi mwaka 1980. Kumwambia asahau ni sawa na kumwamrisha mwenye homa apoe.

Watasema wenye kusema: nani atauweza urafiki wa kuchunga kila neno? Ajabu! Mwenye kisukari twamtengea chai isiyo sukari, wala sijasikia anayelalamika kuwa baraza limeharibika. Na huyu anataka machache. Aketi mbali na gati. Asihojiwe habari za usiku ule ili wengine wapate hadithi. Akipotelewa, asishikwe ghafla. Aitwe jina lake taratibu, aambiwe yupo wapi na leo ni siku gani. Akiondoka, kesho yake apelekewe salamu kama kawaida, na akikataa mwaliko wa tatu aletewe wa nne.

Naye ana wajibu wake: akiwa ametulia, awaeleze wenziwe kipi kinamtesa, maana rafiki si mpiga ramli.

Wala rafiki si tabibu. Pakizidi uzito, na amsindikize hospitali, akae naye kwenye foleni. Lakini kwanza tuache ule mzaha wetu wa kumwambia kila aliyekasirika kuwa wa kupelekwa Kidongo Chekundu. Anayehitaji kwenda huko kweli yupo papo hapo barazani, anasikia, na anacheka pamoja nasi.