Ufunguo ulio ndani ya kopo la mkorogo

Mpunga ukishavunwa Kilombero na fedha zikaanza kuzunguka Ifakara, harusi nazo hufuatana. Bibi harusi hapungukiwi washauri, na miongoni mwao hakosi wa kumnong'oneza: "Paka huu mkorogo wiki mbili tu, mdogo wangu, utang'aa." Mara nyingi kinachong'arisha haraka hivyo ni dawa ya hospitali iliyochanganywa humo, betamethasoni au klobetasoli.

Hizi ni steroidi. Huingia ndani ya seli na kushika kipokezi, mithili ya ufunguo unaoingia kwenye kufuli lake, na seli hupata amri mpya. Chini kabisa ya ngozi ya juu zipo seli shina, zile zinazozaa ngozi mpya na kuisukuma juu kwa takriban mwezi mmoja. Amri wanazopewa na steroidi kali ni kupunguza kuzaa. Mwasho nao hutulia, ndiyo maana tangu 1952 madaktari wameitumia jamii hii ya dawa kutibu pumu ya ngozi na mengineyo. Ila ikipakwa asubuhi na jioni kwa miezi, ngozi hubaki nyembamba, mishipa huonekana, na mapajani hutokea michirizi isiyofutika. Hayo mama mkwe hayaoni siku ya harusi.

Dawa ikipenya kwa wingi hadi kwenye damu, au mtu akimeza vidonge vya steroidi ili anenepe, hufika kwenye uboho. Huko kuna seli shina ambayo ingeweza kuwa ya mfupa au ya mafuta; steroidi huisukuma upande wa mafuta. Uso hujaa, watu husema ameolewa pazuri, kumbe mifupa inadhoofika.

Dawa yenyewe si adui. Mjamzito anayekaribia kujifungua kabla ya wakati, kati ya wiki 24 na 34, huweza kuchomwa deksamethasoni hospitalini ili mapafu ya mtoto yakomae upesi. Ufunguo ni wa jamii ileile, ila umeshikwa na anayejua kipimo na siku.

Aliyepaka mkorogo muda mrefu asiache ghafla kimyakimya, kwani ngozi huweza kuwaka na mwili kulegea. Aende Hospitali ya Mtakatifu Fransisko au kituo cha afya cha karibu, kopo likiwa mkononi. Na kopo hilo asimpake mtoto mwenye mapunye: mwasho utatulia, fangasi watazidi kutambaa.