Mchezo wa wawili si mchezo wa walioshindwa



Kila mara tunapozungumza habari ya tenisi ya Wimbledon, wengi kati yetu wanataka kujua jina moja tu: nani ameshinda peke yake? Michezo ya wanawake wawili wawili wanaipita mbio. Wanasema ati ni mchezo wa wale walioshindwa kucheza peke yao. Sisi hatukubali, na ili tusibishane bure tunaleta habari ya mwaka 1956.

Mwaka ule kombe la wanawake wawili wawili lilichukuliwa na Althea Gibson, Mmarekani mweusi, pamoja na Angela Buxton, Mwingereza wa ukoo wa Wayahudi. Katika finali waliwashinda Fay Muller na Daphne Seeney wa Australia, 6-1, 8-6. Walikuwa wamekwisha kushinda pamoja kule Paris pia, mwaka ule ule.

Gibson alizaliwa mwaka 1927 katika Carolina ya Kusini, akakomalia Harlem, mtaa wa watu weusi mjini New York. Weusi wa Marekani walikuwa na chama chao cha tenisi tangu mwaka 1916, sababu kwa wazungu hawakupokelewa. Gibson alianza kuwa bingwa wa kile chama mwaka 1947, lakini mlango wa mashindano makubwa ya nchi yake ulifunguliwa mwaka 1950 tu, baada ya Alice Marble, bingwa wa zamani, kuandika gazetini kuwakemea wakubwa wa mchezo. Buxton yeye alikuwa mweupe, lakini alieleza mwenyewe namna klabu moja ya London ilivyomkataa juu ya Uyahudi wake.

Sasa tuangalie jambo moja. Kwa kucheza peke yako, unahitaji ruhusa. Wakubwa wakikubali jina lako, basi, umeingia. Kwa kucheza wawili, ruhusa haitoshi. Lazima mtu mwingine mwenye raketi yake akubali kusimama upande wako wa wavu, mbele ya macho ya watu wote, na kama ni kushindwa, ashindwe pamoja nawe. Hakuna sheria ya kumlazimisha. Tena hakuna sheria inayovunjwa kama wote wanajibu kwa heshima: «Samahani, niko na mwenzangu tayari.» Mtu anabaki nje, na hakuna aliyemfukuza! Sisi wanafunzi tunajua jambo hilo vizuri. Angalieni tu siku ya kugawanya ekipe, nani anaitwa wa kwanza na nani anabaki anaangalia miguu yake.

Wengine watasema ya kama Buxton alimhurumia Gibson. Hapana, hata kidogo. Buxton alikuwa mchezaji wa akili, alitaka kombe. Gibson alikuwa mrefu, mpira wake wa kuanzisha ulikuwa na nguvu sana, na kwenye majani ya Wimbledon mpira unateleza chini chini, mbio. Mwenye kukaa karibu na wavu anapata faida kubwa. Uwanja wa mmoja una upana wa metre 8,23. Wa wawili una 10,97. Mwenzako anapoanzisha mpira, wewe uko mbele kwenye wavu, umempa mgongo, humwoni. Akikosea kidogo, mpira unakupata kichwani. Lazima umsadiki. Kwa huruma peke yake mtu hawezi kusimama pale.

Wala hawakuwa wakibembelezana. Kule Paris walikutana katika nusu-finali ya mchezo wa mmoja mmoja: Gibson akamshinda Buxton, akaenda kuchukua na lile kombe lingine. Kule Wimbledon Mmarekani Shirley Fry alimtoa Gibson katika robo-finali, halafu akamshinda Buxton katika finali. Kumbe mwanamke mmoja aliwashinda wote wawili, kila mmoja kwa siku yake! Wenye kusema «mchezo wa walioshindwa» watafurahi hapa. Lakini wawili wale wale, wakiwa pamoja, hakuna aliyewaweza.

Mwaka 1957 Gibson akashinda Wimbledon peke yake, akapokea zawadi mkononi mwa malkia wa Uingereza. Mwaka ule alishinda mchezo wa wawili na Darlene Hard, na mwaka 1958 na Maria Bueno wa Brazil. Ni wachezaji wazuri sana, hatuwalaumu. Lakini kumchagua mtu aliyekwisha kuwa bingwa ni kazi nyepesi. Yonathani alimchagua Daudi angali mchungaji wa kondoo.

Buxton aliumia kifundo cha mkono, akaacha mashindano makubwa angali kijana. Siku zile, mpaka mwaka 1968, washindi wa Wimbledon hawakupewa fedha. Gibson alizeeka katika umaskini. Mwaka 1995, mgonjwa, hana fedha ya dawa, alipiga simu kwa Buxton. Buxton akatuma fedha yake mwenyewe, halafu akaandika barua iliyotangazwa katika gazeti moja la tenisi la Marekani, na watu wa nchi nyingi wakaleta msaada.

Gibson alikufa mwaka 2003, Buxton mwaka 2020. Wengi wakisimulia habari ya Gibson wanaanza na mwaka 1957, siku aliposimama peke yake na sahani ya mshindi. Sisi tunaomba waanze mwaka mmoja nyuma, na wataje majina yote mawili.