Mwanao Asiyeona Anapokwenda Chuo



Mwezi uliopita, baada ya mazoezi ya kwaya, mama mmoja alinivuta kando. "Dada, mwanangu wa kwanza anafaulu chuoni, lakini wa pili ananipotelea." Nilidhani ni yale mambo ya vijana na starehe. Sivyo. Kijana wake wa kwanza haoni. Alizaliwa na mtoto wa jicho pande zote mbili, upasuaji ukachelewa, na sasa hutambua mwanga tu. Yuko mwaka wa pili wa ualimu, katika chuo kilichopo mjini kwetu, analala nyumbani. Mdogo wake wa kike alikuwa kidato cha nne, na kila jioni alimsomea kaka yake vitabu kwa sauti, saa tatu, mara nyingine nne. Matokeo ya binti yalipotoka, alikuwa amepata sifuri.

Hakuna aliyemlazimisha. Alimpenda kaka yake, na mama alimsifu mbele ya wageni. Nami ningemsifu.

Huyu kijana alisoma shule ya bweni ya wasioona, za aina ile ambayo makanisa yalianzisha, kama Buigiri kule Dodoma na Irente kule Lushoto. Akajua nukta nundu vizuri, zikamfikisha hadi kidato cha sita. Chuoni mambo ni mengine. Kila mhadhiri hutaja vitabu kumi, na nukta nundu hula nafasi: Biblia nzima peke yake hujaza vitabu vikubwa zaidi ya 30. Hakuna chuo kitakachoweza kuchapa hivyo kila kinachosomwa.

Nilikwenda kwao Jumamosi. "Shikamoo mama," akaniamkia, akanionyesha kompyuta yake. Ina NVDA, programu ya kusoma skrini kwa sauti, iliyoanzishwa mwaka 2006 na vijana wawili wasioona wa Australia, nayo hutolewa bure. Inasoma hata Kiswahili, ingawa kwa lafudhi ya mgeni aliyeshuka jana uwanja wa ndege. Simu nyingi za Android nazo zina TalkBack, ya kazi hiyo hiyo, bila kununua kitu.

Basi dada mtu alikuwa akisoma nini? Vitini. Akafungua kimoja, kompyuta ikatamka neno moja, "picha", ikanyamaza.

Hapo akina mama naomba mnisikilize, maana ndipo tatizo lilipo. Ukurasa uliopigwa picha kwa simu, sisi tunaona herufi, lakini mashine haioni herufi, inaona madoa. Zipo programu za kugeuza picha kuwa maandishi, na karatasi safi iliyonyooka huzisaidia. Ila kopi ya kopi, iliyokaa upande na kupigiwa mistari ya kalamu, hutoka vurugu. Kitini cha historia kilimsomea mwaka 1885 kama herufi na tarakimu zisizo na maana. Mwanafunzi wa historia atafanya nini na hilo?

Tukamwendea mhadhiri. Nilijiandaa kwa ugomvi, nakiri. Kumbe yeye mwenyewe alikichapa kitini kwenye kompyuta, akakitoa kwenye karatasi, karatasi ikaenda kwenye kopi, na kopi wanafunzi wakaipiga picha na kutumiana. Faili la asili lilikuwa mezani kwake muda wote. "Hakuna aliyeniomba," akasema. Alilituma tukiwa bado tumesimama pale.

Kwa hiyo ombeni faili lenyewe, la Word au EPUB, na ombeni kabla muhula haujaanza, si wiki ya mtihani. Vichwa vya sura viwekwe kama vichwa ili kijana aruke kutoka sura hadi sura. Vitabu vya sauti vya mfumo wa DAISY navyo vinamruhusu kwenda ukurasa anaoutaka, tofauti na kaseti zetu za zamani. Picha na michoro lazima ielezwe kwa maneno, la sivyo atairuka bila kujua kwamba ameiruka.

Msidhani hili ni la wasioona kabisa tu. Watoto wengi wenye ualbino wanaona, ila si herufi ndogo, na wapo waliofundishwa nukta nundu wakati walihitaji herufi za ukubwa wa 18 badala ya zile 10 au 12 za kawaida. Wapo pia wenye disleksia, wale tuliowaita wavivu wa kusoma (Mungu atusamehe), ambao husaidika wakisikia neno huku wakilifuata kwa macho.

Kama mtu atawatisha kwa hakimiliki, mjue kwamba upo Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, uliofanywa kwa ajili ya watu hawa, pamoja na wale ambao mikono yao haiwezi kushika kitabu. Kenya ilijiunga mwaka 2017, Tanzania mwaka 2020. Unataka sheria za nchi ziruhusu taasisi zisizotafuta faida kutengeneza nakala zinazosomeka na kuzituma hata nchi nyingine bila kumwomba mchapishaji. Unamtaja pia mwenye ulemavu mwenyewe na anayemtunza: mama anaweza kutengeneza nakala ya kitabu ambacho kijana wake amekipata kwa halali, kwa matumizi yake tu, si ya kuuza.

Kilibaki kitabu kimoja cha zamani, ambacho faili lake halipo na kurasa zake zimefifia. Tumegawana sisi wanne wa umoja wa wanawake, kila mmoja anachapa sura yake. Yangu inakwenda polepole kwa sababu ya zamu za usiku. Binti amejiandikisha kurudia mtihani, na jioni mlango wa chumba chake hufungwa. Kaka yake ndiye aliyeomba ufungwe.