Kamera Ndogo ya Filamu: Chagua ya Ukumbini, Usichague ya Mtandaoni

Siku hizi kila tukivuka na boti kwenda Dar, wadogo zetu wa Temeke na Kinondoni wana swali moja: tununue kamera gani ya filamu, ile ndogo ya zamani inayoingia mkobani? Wameziona mtandaoni, wamependa rangi zake, na wanataka jina. Jina tutalitaja, lakini kwanza tunawauliza wao: mnataka kumpiga picha nani, wapi, na saa ngapi?

Jibu huwa lile lile. Harusi, kicheni pati, kesha la hina, singo. Shughuli za wanawake, usiku, ndani ya ukumbi au ua uliozungushiwa maturubai. Na sote tunajua kwa nini. Shughuli nyingi sasa simu zinaachwa mlangoni, kwa sababu bi harusi aliyevua mtandio mbele ya dada zake anaweza kuwa kwenye status ya mtu asiyemjua kabla pilau haijapakuliwa. Kuna mabinti wameposwa na posa zikavunjika kwa picha moja ya ukumbini. Basi kamera ya mkanda inaonekana kama jibu: haina laini, haina bando, na picha ikishapigwa inabaki gizani mpaka isafishwe.

Tunakubaliana na hilo nusu tu. Nusu ya pili tutaifikia.

Kwanza kamera yenyewe. Inayosifiwa sana huko mitandaoni ni Olympus mju II ya mwaka 1997. Ni nzuri kweli, nyepesi kama sabuni, wala manyunyu hayaitishi. Lakini ni umeme mtupu ndani. Ikizima, hakuna kipuri kipya, na betri yake ni ya lithiamu, si ya kuokota duka la Mangi saa tatu usiku. Sisi hatuoni sababu ya kulipa bei ya sifa.

Ya pili ni Olympus Trip 35, iliyoanza kuuzwa 1967. Hii tunaipenda. Haina betri kabisa. Kuzunguka lenzi kuna pete ya vioo vidogo vidogo vya seleniamu vinavyopima mwanga kwa nguvu ya mwanga wenyewe. Mwanga ukiwa hautoshi, kialama chekundu kinajitokeza kwenye tundu la kuchungulia na kamera inagoma kupiga. Kwa mchana wa Dar, jua la Mbagala au la Coco Beach, wanafunzi wa madrasa wamevaa sare siku ya maulidi, hakuna inayoishinda kwa bei yake. Kama filamu inakuumiza mfuko, yupo pia ndugu yake mdogo, Olympus Pen, anayegawa kila picha mara mbili: roli ya picha 36 inakupa 72.

Ila hebu fikirini. Saa nne usiku, ukumbini Mwananyamala, taa za rangi, bi harusi anaingia. Trip 35 itakuonyesha kile kialama chekundu na itanyamaza. Haina flashi yake. Unaweza kuipachika flashi ya pembeni, ndiyo, na hapo umeanza kubeba mzigo.

Kwa hiyo, kwa dada mwenye uwezo wa kununua kamera moja tu, ushauri wetu ni huu, hata kama wapenzi wa kamera watatucheka: nunua ile yenye flashi mwilini mwake, inayokula betri za AA, zile za rimoti. Konica ndiyo iliyotangulia kuweka flashi ndani ya kamera ndogo ya namna hii, kwa C35 EF ya 1975, na miaka miwili baadaye ikatoa C35 AF, inayojilenga yenyewe. Baada ya hapo viwanda karibu vyote vya Japani vilifuata, na miaka ya 80 na 90 kamera hizi zilijaa. Ndizo zilizopiga zile picha za albamu za mama zetu, nyuso zimewaka na ukuta wa nyuma mweusi. Mwonekano ule ule mnaoutafuta leo kwa kuongeza vichujio kwenye simu!

Mtaani jina si kitu, hali ya kamera ndiyo kitu. Ukiikuta kwenye meza ya mitumba Tandika au Manzese, usione haya kuikagua. Kwanza hakikisha ni ya mkanda kweli, maana vijana wanauza kamera za kidijitali za miaka ya 2000 na kuziita za kale. Fungua mgongo. Sponji nyeusi kandokando ya mlango ikiwa inanata kama lami, mwanga utavuja. Hilo linatibika, mtu mwenye subira anaweza kubandika mpya. Fungua nyumba ya betri: ukungu wa kijani maana yake betri ilivujia humo. Mwombe muuzaji aweke betri, usikie flashi ikilia kwa wembamba ikijaa, kisha bonyeza mara tatu nne. Ikigoma kujaa, irudishe mezani. Wala usikubali fundi wa simu aifungue mbele yako kwa bisibisi, kwani flashi huhifadhi umeme mkali hata betri ikitolewa.

La mwisho ndilo kubwa kwetu watu wa pwani, na wauzaji wa Ulaya hawawezi kukuambia. Kuvu. Unyevu wa Dar na wa huku Unguja hauiachi lenzi. Mulika tochi ya simu ndani ya lenzi na utazame kwa pembeni. Ukiona nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, achana nayo, hata ikipunguzwa bei. Na ukishaipata nzima, usiifungie kwenye pochi ya ngozi kabatini. Iweke kwenye kopo lenye kifuniko pamoja na vile vipakiti vya kukaushia unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu.

Jambo jingine wanalolisahau wapenda hina: kamera hizi nyingi hazioni vizuri chini ya mita moja hivi. Ukimsogelea bi harusi upige maua ya kiganja, utapata ukungu. Mwambie ainue mikono usoni, mpige kifua na juu.

Sasa ile nusu ya pili. Filamu haikuvujishi, lakini haijisafishi. Lazima mtu aifungue, aisafishe na kuiskani, na mtu huyo ataona kila kitu. Zamani ilikuwa hivyo hivyo. Studio kama Capital Art ya Mji Mkongwe, aliyoifungua Ranchhod Oza mwaka 1930, ilipiga picha za familia nyingi za Unguja. Picha ya karatasi ilikwenda nyumbani, na negativu kwa kawaida ilibaki kwa mpiga picha. Mwenye negativu ndiye mwenye picha. Siku hizi ni zaidi, kwa sababu anayeiskani anakutumia kwa WhatsApp, na picha uliyoikimbiza simuni imerudi simuni, tena simu ya mwanamume usiyemjua.

Ndiyo maana tunasema tafuteni msafishaji kabla ya kamera. Ulizeni kama kuna mwanamke anayeshika kazi hiyo. Ombeni faili ziwekwe kwenye flashi diski yenu, zifutwe mbele yenu, na mkanda wote mrudi nao. Akikunja uso, nendeni kwingine.

Na kwa walio makini, jifunzeni kusafisha nyeusi na nyeupe wenyewe. Si uchawi. Unahitaji tangi lisilopitisha mwanga, dawa ya kusafishia, dawa ya kukazia, na chumba cheusi au mfuko mweusi wa kuingizia mikono. Kinachotusumbua sisi ni joto: vipimo vingi vya dawa vimeandikwa kwa nyuzi 20, na maji ya bomba ya Temeke hayajawahi kuwa hivyo. Weka chupa za dawa kwenye beseni la barafu, na kipimajoto pembeni. Madada wanne wakichanga vifaa, mtaa mzima wa Tandika una msafishaji wake mwenye sitara, na anaweza hata kulipwa kwa kazi hiyo.

Roli ya kwanza msiipeleke harusini. Ipigeni nyumbani, nusu mchana uani, nusu usiku kwa flashi, ndugu kwa ndugu, mkiandika kila picha mlisimama hatua ngapi. Isafisheni, muone kama mwanga unavuja na kama flashi inafika. Roli ya pili ndiyo ya bi harusi, na mchague mmoja tu wa kushika kamera usiku huo.