Bomba la mkono kwenye ngama

Mashua ya mbao huvuja hata ikitiwa kalafati vizuri. Lita 200 ngamani ni kilo 200, na chombo kikiinama maji yote hukimbilia upande uleule, yakazidi kukilaza. Ndiyo maana kila mashua ya uvuvi ingefaa kuwa na bomba la kujitengenezea: kipande cha bomba la plastiki la sentimita 5, fimbo, pistoni ya mpira wa kandambili na vali ya ngozi chini. Mvuto mmoja wa sentimita 40 hutoa karibu robo tatu ya lita, na anayevuta haachi usukani.

Watasema ndoo haiharibiki. Kweli, ila haifiki katikati ya mataruma, tena inataka mtu asiye na kazi nyingine. Hoja nzito zaidi ni kwamba bomba huficha uvujaji: nahodha akizoea kuvuta, kalafati huahirishwa. Na tundu la sentimita 2.5, nusu mita chini ya maji, huingiza takriban lita 50 kwa dakika. Hapo hakuna mkono utakaofua dafu. Basi mivuto ihesabiwe kila asubuhi, na ikizidi ya jana, chombo kipandishwe pwani kikaguliwe.